Roho Iko Wapi

Mjukuu wangu Mujinga, na hilo ni jina la kwetu, si tusi, alirudi kutoka chuo kikuu wiki moja akiwa amefundishwa kupumua. Nasema hivyo kwa dharau, na dharau yangu haimhusu yeye. Kuna mgeni, aliniambia, amekuja kuwapa wanafunzi mafunzo ya siku tatu: unakaa wima, unafumba macho, unaifuata pumzi yako ikiingia na ikitoka, na mawazo yakikimbia unayarudisha bila kujigombeza. Akasema wanaofanya hivyo kila siku wanasoma vizuri zaidi, wanasikia mwalimu anachosema, hata sahani wanaosha bila kuvunja. "Kambo, jaribu na weye," akaniambia, maana ndivyo tunavyowaita babu huku kwetu. "Ni dakika kumi tu." Nikaweka mikono yangu juu ya meza, viganja chini, nikamwangalia. Mikono ilijiweka yenyewe. Ilikuwa na zaidi ya miaka arobaini haijawekwa hivyo. Nikamwambia atoe madaftari yake mezani, mimi nataka kula. Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Wangu alikuja na cheti.

Kama ingekuwa hilo tu, ningelisahau. Lakini Jumamosi ile ile nilikwenda mtaa wa Kamalondo kwenye kilio cha jirani wa zamani, na pale uani, kwenye viti vya plastiki, mwanamke mwenye mvi alisimama mbele yangu, akanishika mkono kwa mikono yake miwili. "Tata Kasongo, hunijue? Ni miye Serafina, mutoto ya Tata Kyungu." Nilipomwona mara ya mwisho alikuwa na miaka saba, kwenye dirisha la treni. Akakaa karibu nami, akaniuliza swali moja. Swali hilo nitalieleza mahali pake, pamoja na jibu langu. Kwanza lazima niseme habari za mwaka ule, mwaka niliojifunza kuangalia, maana bila huo swali lake linabaki swali la kawaida la mtoto kwa mzee.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, mwanafunzi wa uuguzi katika hospitali ya Weusi mjini Elisabethville, maana Lubumbashi iliitwa hivyo wakati wa Wabelgiji, na ilikuwa bado miaka michache kabla ya uhuru. Walinipeleka chumba cha kupimia damu, labo, si kwa sababu nilikuwa na akili. Kule wodini nilikuwa nimempa mgonjwa wa kitanda cha tano dawa ya kitanda cha sita, na masela mkubwa, yule mtawa aliyetuongoza, alisema mtu wa namna ile akae mbali na wagonjwa. Labo ilikuwa nyuma kabisa, baada ya chumba cha kufulia: chumba chembamba chenye dirisha moja, ukuta uliopakwa chokaa, sinki lenye madoa ya zambarau, na harufu ya spiriti iliyokufuata mpaka kwenye chakula chako cha mchana. Juu ya meza kulikuwa na hadubini mbili, sisi tulisema mikroskopi, moja nzima na moja iliyofungwa mguu kwa waya. Kando yake kulikuwa na daftari nene la jalada jeusi, ambamo kila damu iliandikiwa jina, namba na jibu, na sanduku la mbao lenye mifereji, ambamo vile vioo vidogo vya damu vilipangwa baada ya kusomwa, vikakaa mwezi mzima kabla ya kuoshwa. Nje ya mlango kulikuwa na benchi la wagonjwa. Tulisikia kila walichosema, nani kaibiwa kuku, nani kaachwa na mume, kwa nini muzungu fulani hana mke. Huko ndiko nilikokuwa nikiishi, kwenye lile benchi, hata mwili wangu ukiwa ndani juu ya kigoda.

Mkuu wa labo alikuwa Tata Kyungu, tata yaani baba. Mtu mfupi, mtu wa kaskazini kama sisi, blauzi yake nyeupe, lile koti la kazi, imepigwa pasi ya makaa hadi inasimama yenyewe, kucha zake za zambarau kwa ile rangi ya kupakia damu. Alikuwa amekaa seminari miaka miwili akafukuzwa; kwa maneno yake, bamupe, wale mapadre, walichoka na maswali yake. "Bamupe balinifundisha kitu moja tu ya maana," alikuwa akisema. "Kukaa. Ile ingine yote nilibaachia." Siku ya kwanza alinipa kioo nisome. Nikachungulia, nikasogeza huku na huku, nikasema hakuna kitu. Hakukiangalia kioo. Aliniangalia mimi. "Kasongo, roho iko wapi?" "Iko hapa, tata." "Bongo," akasema, yaani uongo, bila hasira, kama mtu anayetaja jina la mdudu. "Roho iko inje ku benchi, inasikiliza habari ya kuku. Macho njo iko hapa. Macho bila roho ni sawa dirisha: inaona yote, haijue kitu."

Tangu kesho yake, kabla ya kioo cha kwanza, alinikalisha. Mikono juu ya meza, viganja chini. Nyayo sakafuni. Macho kwenye ukuta wa chokaa, mahali penye ufa mdogo. Hakuna sala, hakuna kuhesabu. Unapumua kama unavyopumua siku zote, ila safari hii unajua unapumua. Baada ya muda ambao yeye peke yake aliujua, aliuliza kutoka mezani kwake bila kugeuka: "Roho iko wapi?" Nawe ulitakiwa useme kweli. Iko soko. Iko kwa bibi yangu, yaani mke. Iko inapigana na yaya yangu, yaani kaka. "Muzuri. Irudishe." Basi. Hakunigombeza hata siku moja kwa sababu roho imetoka. Alisema roho ni sawa mbuzi, kazi yake ni kutoka na kazi yako ni kurudisha. Alichokasirikia ni kusema iko hapa na haiko. Mara mbili alinitoa nje kwa kosa hilo, nikashinda naosha chupa. Na sheria yake ya pili ilikuwa ya kioo chenyewe. "Ukiona mududu moja, usifurahi. Toa jicho, weka mikono, anza upya sawa hujaona kitu. Mugonjwa anaweza kuwa na bageni babili."

Nilimchukia miezi miwili. Mwezi wa tatu jambo likatokea. Nilikuwa na kitabu cha Kifaransa cha mwili wa binadamu, ambacho tangu mwaka uliotangulia sikuwa nimevuka ukurasa wa kumi na moja. Kila nikikifungua nilijikuta nimepita mistari yote na sijui hata mmoja. Asubuhi moja nikaweka mikono kando yake, nikajiuliza lile swali, nikajijibu kweli kwamba roho iko kwenye mtihani, inatetemeka, nikairudisha. Nikasoma kurasa nne. Nilipofunga kitabu, zilikuwa bado ndani yangu. Nilicheka peke yangu kama mwehu. Tangu hapo hata baiskeli niliiendesha kwa namna nyingine, nikiijua barabara. Mke wangu Anastazia, tuliyeoana mwaka huo huo, aliniambia siku moja, "Leo umenisikia mupaka mwisho." Alisema kwa mshangao, na mshangao wake ulinitia aibu. Mtihani wa katikati ya mwaka nikawa wa kwanza. Masela yule yule aliyenifukuza wodini akanipongeza, akidhani ni kazi ya sala zake.

Jumapili baada ya misa nilikula kwa Tata Kyungu, Kamalondo, nyumba ya matofali ya vyumba viwili, yenye ua wa mchanga uliofagiwa kwa mistari. Mke wake, Mama Numbi, alipika nje juu ya babula, lile jiko la bati la makaa: bukari, ule ugali wetu, sombe, yaani kisamvu, ya karanga, na bitoyo, samaki wa chumvi ambaye harufu yake ilikupokea tangu kona ya barabara. Kulikuwa na sheria: matonge matatu ya kwanza hakuna kusema. Tata Kyungu alifumba macho akitafuna. Mama Numbi hakuweza. Tonge la pili tu mabega yake yalishaanza kutikisika kwa kicheko. "Angalia huyu bwana yangu," aliniambia, "hata bukari anaiangaliaka sawa iko chini ya mikroskopi. Siku moja atapata mududu ndani, na tutalala njaa." Mumewe akasema, macho bado yamefumbwa, "Mama Numbi, roho iko wapi?" Naye: "Iko ku sahani, tata, sababu weye huachake hata samaki ya mutoto!" Serafina, mtoto wao wa pekee, alicheka mpaka akapaliwa. Mama Numbi hakuwahi kukaa mbele ya ukuta wa chokaa, lakini kati ya watu wote niliowajua, yeye ndiye aliyekuwa pale alipokuwa. Aliona kabla hujasema. Aliona siku niliyokuwa sijala tangu jana. Alimwona Anastazia ana aibu ya viatu vyake, akavua vya kwake, wakakaa wote miguu mitupu bila neno. Mwaka ule alikuwa mja mzito, baada ya miaka saba ya kungoja, na hata Tata Kyungu alianza kutabasamu akiwa kazini.

Basi hapo ndipo karte ilipoingia. Karte ilikuwa kadi ambayo serikali ya Wabelgiji ilimpa Mweusi aliyehesabiwa kuwa amestaarabika. Vijana wa leo wakisikia wanacheka, na wana haki. Lakini mwenye karte hakupigwa fimbo kama mtoto, aliingia duka la mjini kwa mlango wa mbele, na mkubwa wake wa kazi alimwita kwa jina lake. Mimi niliitaka mpaka meno yakaniuma. Ili uipate, watu wa kamati walikuja nyumbani kwako kuangalia unavyoishi: kama una meza, kama mkeo anakula pamoja nawe, shuka, choo, gazeti, na kama unajua kilichomo gazetini. Majuma matatu mimi na Anastazia tulifanya mazoezi. Tulikula bukari kwa uma, Mungu atusamehe, bukari kwa uma! Inateleza, inaanguka, Anastazia analia na huku anacheka. Tulitundika picha ya mfalme wao. Nilianza kujiona kila saa kama ninavyoonekana kutoka mlangoni, kwa macho ya muzungu aliyesimama pale na kalamu. Hata juu ya kigoda cha labo nilikuwa najiona nimekaa. Tata Kyungu yeye hakuitaka karte. Nilipomwambia habari zake aliuliza jambo moja tu: "Wakati bale banakuangalia weye, nani ataangalia kazi?" Mimi nikasema moyoni, mzee ana wivu. Leo nasema wazi, na aliyekuwa nayo akasirike: ile karte ilitufundisha kuyang'oa macho yetu na kuyapachika kwenye vichwa vya watu wengine ili tujitazame kutoka huko, na sisi tulivaa suti tukashukuru.

Kamati ilipanga kuja kwangu Jumanne, saa kumi alasiri. Siku hiyo hiyo dokta alimtuma Tata Kyungu dispansari ya barabara ya Kipushi kuchanja watu, nikabaki labo peke yangu. Saa nane mchana Mama Numbi akaja. Alikuwa amerudi juma lililotangulia kutoka kwao kaskazini, kwenye kilio cha mama yake, ambako alilala siku sita juu ya mkeka kwenye sakafu ya udongo, kama binti mfiwa anavyotakiwa kulala. Mtu yeyote wa kwetu anajua kinachokaa kwenye nyufa za sakafu za namna hiyo: kimputu, kupe wa udongo, anayemuuma mtu usingizini na kumwachia homa inayokuja, inaondoka, inarudi. Mimi nilijua. Ungeniuliza kwenye mtihani ningejibu kabla hujamaliza. Alikaa kwenye kigoda cha mumewe, amejifunga kitenge hadi kifuani, meno yakigongana. "Kichwa inapasuka, Kasongo. Na mugongo. Na huyu mwenye kuwa ndani anapiga mateke sawa anakasirika." Nikamtoboa kidole. Nilikuwa nimeshavaa suruali ya kamati, na niliushika mkono wake mbali na mwili wangu nisije nikapata doa. Aliona. Mgonjwa kiasi kile, na aliona. "Kasongo," akasema akiiga sauti ya mumewe, "roho iko wapi?" "Iko hapa, mama," nikasema. Akacheka kidogo. "Bongo. Iko kwako nyumba, inapanga bikombe. Haya, maliza, uende ukapate karte yako."

Kukausha damu, kupaka rangi, kungoja, kuosha: kazi hiyo haiharakishwi, na nilikuwa naangalia saa ya ukutani kuliko kioo. Nilipokiweka chini ya mikroskopi ilikuwa saa tisa na robo. Mikroskopi huonyesha kioo duara kwa duara; katika la tatu nikaiona malaria, ile pete ndogo yenye kito chake. Nikafurahi. Naikumbuka furaha ile kuliko kitu chochote cha siku hiyo. Nimepata, naenda. Sikutoa jicho, sikuweka mikono, sikuanza upya. Nikaandika kwenye daftari jeusi: Numbi, namba yake, malaria. Nikampa karatasi ya kwenda kuchukua kinini, zile tembe za malaria, akapita mlangoni ameshika kiuno. Nikapanda baiskeli. Saa kumi kamili nilikuwa nimekaa mezani kwangu nimepandisha mguu juu ya mguu, na Anastazia akamimina chai bila kumwaga tone. Wazungu wawili na karani mmoja Mweusi walituangalia kwa nusu saa. Sijawahi kuwa makini namna ile maishani mwangu. Makini kwa vikombe.

Siku mbili baadaye homa ya Mama Numbi ikashuka, na sote tukasema kinini imefanya kazi. Ndivyo kimputu inavyofanya. Inakuacha kidogo ili irudi. Jumanne iliyofuata Tata Kyungu alinisimamisha mlangoni mwa labo. "Umemusomea bibi yangu muzuri," akaniambia, yeye ambaye hakumsifu mtu. Jumamosi homa ikarudi na nguvu zake zote. Jumapili asubuhi Mama Numbi akajifungua kabla ya wakati, mtoto wa kiume, hakupumua. Tata Kyungu akamtoboa mkewe kidole yeye mwenyewe, akakimbia na kioo hadi labo, akakisoma, akakimbia kumwita dokta, na dokta akachoma sindano ya penisilini ambayo siku kumi na mbili mapema ingemponya. Saa sita mchana Mama Numbi akafa. Mimi nilipata habari nikitoka misa. Nilipofika Kamalondo wanawake walikuwa wameshaketi chini wakilia, na Serafina amesimama mlangoni ameshika beseni la maji ambalo hakuna mtu aliyekumbuka kumpokea. Nililia sana, nililia kuliko ndugu zake. Sikujua bado ninalia nini.

Jumatatu niliikuta labo imefunguliwa. Mfiwa hatoki kilioni, kila mtu anajua. Mume anakaa chini na wanaume wenzake mpaka siku zitimie. Lakini Tata Kyungu alikuwa pale, hana viatu, suruali ina vumbi la mkeka, amekaa mbele ya mikroskopi ile nzima. Sanduku la mbao lilikuwa wazi. "Kaa," akaniambia. Nikakaa. "Mikono." Nikaweka mikono. Tulikaa hivyo muda mrefu mbele ya ule ufa wa ukuta, nikisikia sinki likidondosha maji, benchi la nje likiongea, pumzi yake, pumzi yangu. "Roho iko wapi?" "Iko hapa, tata," nikasema, na kwa mara ya kwanza katika majuma mengi ilikuwa kweli. "Angalia." Nikaangalia. Pete ya malaria ilikuwa pale pale, nikaitambua kama mtu ninayemfahamu. "Anza upya." Nikasogeza kioo. Duara la nne hakuna. La tano hakuna. La sita, kati ya chembe mbili, kulikuwa na uzi. Uzi mwembamba wa zambarau, umejipinda kama unywele kwenye sabuni. La saba, nyuzi mbili. "Sema." Nikasogeza tena hadi la nane. "Sema, Kasongo." "Kimputu." "Na namba ya kioo?" Nikakitoa, nikasoma namba niliyoikwaruza kwa mkono wangu mwenyewe ile Jumanne. Sikumbuki nilivyofika sakafuni. Nakumbuka nimeshika miguu yake. "Tata, nilikosa. Nilikuwa na haraka. Karte..." Hakunisukuma wala hakuniinua. "Miye nilisoma daftari yako," akasema. "Nilisoma malaria, nikaamini. Siku zote zile kioo ilikuwa hapa, karibu na mukono yangu, na sikukiangalia, sababu nilisema mwanafunzi wangu anajua." Akakirudisha sandukuni, kwenye mfereji wake. "Daftari usiguse. Uiache vile." Akatoka, akarudi kukaa chini na wafiwa.

Nilingoja kufukuzwa. Kila kishindo cha viatu nje kilikuwa cha dokta. Hapa niseme jambo ambalo yule mgeni wa Mujinga pengine halijui: hofu nayo inafunza kuangalia. Miezi ile nilisoma kila kioo mara mbili, mara tatu, na sikukosea tena, wala mwaka ule wala miaka thelathini iliyofuata. Watu walinisifu kwa hilo mpaka nilipostaafu. Tata Kyungu hakusema neno kwa dokta. Alirudi kazini amenyoa kichwa, akakaa mezani kwake, na asubuhi nilipoweka mikono juu ya meza nikingoja swali, swali halikuja. Halikuja kesho yake, wala juma lile lote. Nikaelewa kwamba hataniuliza tena. Afadhali angenipiga. Nilikaa pale naisikia roho yangu ikitoka na kurudi kama mbuzi asiye na mwenyewe. Mwisho wa mwezi karte yangu ikatoka, ina picha, ina muhuri. Karani aliniambia wazungu walisifu sana chai. Majuma machache baadaye Tata Kyungu aliomba apelekwe dispansari ya porini, huko kwao kaskazini, akapanda treni na Serafina na sanduku moja la bati. Nilikwenda stesheni. Alinipa mkono. "Fanya kazi muzuri," akasema, maneno ambayo mtu humwambia yeyote. Kigoda chake nikapewa mimi. Na ile karte, basi, uhuru ulipokuja ikawa karatasi kama karatasi nyingine. Anastazia, Mungu amrehemu, aliikunja akaitumia kubana mlango uliokuwa ukigongagonga kwa upepo.

Sasa lile swali. Watu husema mficha maradhi kilio kitamuumbua. Mimi nilificha maradhi ya mtu mwingine, na vilio vilipita, cha kwanza, cha pili, cha kumi, bila kuniumbua. Pale uani Kamalondo, Serafina alinisogezea kikombe cha chai, akaanzia mbali. Baba yake alifia huko huko porini, mzee, hakuoa tena. Kila asubuhi mpaka mwisho alikaa mezani, mikono chini, akiangalia ukuta, na mtoto alikatazwa kupita mbele yake. "Nilimuulizaka mara mingi," akasema. "Papa, mama alikufa na nini? Hakunijibia. Ile siku ya mwisho, pumzi inaisha, nikamuuliza tena. Njo akaniambia: muulize Kasongo. Kasongo anajua kuangalia, atakuambia." Akanitazama. Alikuwa na macho ya mama yake. "Basi, Tata Kasongo. Mama alikufa na nini?" Yule mzee, kumbe, hakuwa amenisamehe wala kunihukumu. Aliniachia kioo kimoja cha mwisho nikisome mwenyewe.

Nikaweka mikono juu ya magoti, viganja chini. Hakuna aliyeniamuru. Nikasikia wanawake wakiimba ndani, kijiko kikigusa kikombe, taksi ikipiga honi kwenye kona, pumzi yake, pumzi yangu. Roho yangu ilikuwa pale yote, hakikubaki kipande nje. Niliona mikono yake, imezeeka, imetulia juu ya kitenge ikingoja. Niliona kwamba angeweza kulipokea jibu lolote, kwamba alikuwa amelibebea nafasi miaka yote ile. Niliona pia watu waliotuzunguka, wanaonijua kuwa ni mzee ambaye hakuwahi kukosea kioo, na nikajiona nilivyokaa katikati yao, kwa macho yao. Sikuwa na haraka. Hakuna kamati iliyokuwa ikiningoja nyumbani.

"Malaria, mama," nikamwambia.

"Aksanti, tata," akasema, akaniongezea chai. Nikainywa mpaka mwisho, na sikumwaga hata tone.